Pikipiki 11 kutoka Kisumu hadi Jinja: tuvuke vipi Busia bila kumwacha mtu?

Nyar Ahero

Hamjambo wenzangu wa barabarani,

Naandika kama katibu wa kikundi chetu hapa Kisumu. Tulianza kama chama cha kuweka akiba, watu wa Manyatta, Nyalenda na Mamboleo, kisha tukaona karibu kila mmoja wetu anakuja mkutanoni na pikipiki. Tumeshafika Kericho, Kitale na Homa Bay pamoja, na hatujawahi kumwacha mtu nyuma. Sasa kikundi kimeamua kwamba wikendi ndefu ya Mashujaa tunaenda Jinja kuona Nile inapotoka ziwani. Zimebaki wiki tatu. Kazi ya kuwavusha watu mpaka nimepewa mimi, na mimi mpaka wa Busia nimeuvuka mara moja tu, kwa basi, miaka mingi iliyopita.

Pikipiki ni 11: Boxer sita, TVS tatu, Honda moja na Yamaha yangu. Watu ni 13 kwa sababu wawili watabebwa. Watatu kati yetu ni wanawake.

Kinachonisumbua kwanza ni hii kadi ya njano. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kila mtu atafute kadi ya njano. Wanne wakaenda kuulizia chanjo, wawili wakaenda kwa wakala wa bima, na kila upande unasema ule mwingine umepotea. Nani yuko sahihi?

Halafu kuna pikipiki mbili ambazo karatasi zake hazijakaa sawa. Moja ilichukuliwa kwa mkopo na mwenyewe bado ana miezi saba ya kulipa, kwa hiyo logibuku, ile hati ya umiliki, ina jina lake na la mkopeshaji. Nyingine kijana wetu aliinunua kwa jirani yake mwaka jana. Waliandikiana mbele ya mzee wa mtaa, pesa ikaisha yote, lakini jina halikubadilishwa. Yule jirani ni mtu mwema na anasema atasaini chochote tutakachompelekea.

Tena, tupite Busia au Malaba? Tukifika, tuingie sote kwa pamoja au wawili wawili?

La mwisho ndilo gumu zaidi kwangu. Kuna mwenzetu anayesema tusijisumbue, ana mtu wake pale Busia anayevusha pikipiki kwa elfu moja kila moja, hata isiyo na karatasi. Mimi sitaki njia hiyo. Lakini siwezi kusimama mkutanoni niikatae wakati sina njia nyingine mkononi, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Fundi wa Nyamasaria

Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi ni fundi, natengeneza pikipiki tangu nikiwa kijana, na Busia nimepita na vikundi vya kila namna. Nikikaa sana mahali pamoja nivumilie, nina sababu yake.

Kadi ya njano: wote wako sahihi, maana kadi ni mbili. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni bima, kadi ya njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayolipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine ukiwa nje ya nchi. Unahitaji zote mbili. Ya chanjo ina jambo moja linalowaponyoka watu wengi: inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano. Ukichomwa Jumatano ukasafiri Jumamosi, cheti unacho lakini hakijaanza kazi. Kwa hiyo wale wanne walioenda kuulizia wasingoje mwisho wa mwezi, waende wiki hii na wawavute na wengine. Ukishachanjwa umemaliza, kwa sababu tangu 2016 cheti kinatambulika maisha yako yote. Ya bima inaongezwa juu ya bima uliyonayo nyumbani, basi angalieni kwanza kama bima ya kila pikipiki itakuwa hai mpaka siku mtakayorudi. Nimeona mtu ana kadi ya COMESA safi kabisa na bima yake ya nyumbani ilikufa jana yake.

Kwa watu wenyewe, kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Uganda. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo tangu 2014. Mwenye pasipoti aje nayo. Asiye na kitambulisho chenyewe mkononi, mwenye ile karatasi ya kungojea tu, msimchukue kwa matumaini. Leseni nazo zitazameni vizuri. Wengi wana leseni ya gari wakafikiri inawatosha, kumbe pikipiki ina daraja lake la A.

Sasa nije pale ninapotaka kukaa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa saba, tukienda hukohuko Jinja. Mmoja wetu, rafiki yangu wa tangu shule, injini yake ilikuwa imekwama mwaka uliotangulia akabadilishiwa nyingine. Injini ilikuwa nzuri, na niliifunga mimi kwa mikono yangu. Lakini hakuna aliyekwenda kuibadilisha kwenye karatasi. Pale forodhani wanasoma nambari ya usajili, nambari ya chesisi na nambari ya injini, na wanailinganisha na logibuku. Ya injini haikulingana. Yule ofisa hakututukana wala hakuomba kitu. Alisema tu kwamba pikipiki hii haiwezi kupita, na alikuwa sahihi.

Tulisimama pale kama robo saa. Hoteli tulikuwa tumelipia. Yeye mwenyewe akasema nendeni, mimi nitarudi nyumbani, ni barabara naijua. Tukamwachia shilingi elfu mbili tukaondoka. Sita tukaingia Uganda, mmoja akageuza.

Hakurudi mara moja. Alikaa kwenye kituo cha mafuta mpaka jioni, nadhani aliona aibu kufika nyumbani mapema. Akaanza safari giza likiingia, mvua ikamkuta Ugunja, na kabla ya kufika Yala akagonga ng'ombe. Hakukuwa na mtu nyuma yake wa kuona taa yake imezimika. Alilala kando ya barabara mpaka dereva wa matatu alipomwona. Mfupa wa bega ulivunjika na mguu haukurudi kuwa kama zamani. Sisi habari tulizipata kesho yake asubuhi, tukiwa tunakula chapati na mayai Jinja.

Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye niliyefunga ile injini, na mimi nilikuwa fundi wa msafara. Ningetazama zile nambari nyumbani, siku yoyote kabla ya safari, tungejua.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Itisha watu wote Jumapili, uwanjani, si kwa simu. Kila mmoja aje na pikipiki imeoshwa, na karatasi za asili mkononi, si picha. Uwe na kitambaa, mswaki mkuukuu na mafuta ya taa kidogo. Nambari ya chesisi ya Boxer iko kwenye shingo ya usukani, ya injini iko chini kwenye kava, na hapo pana matope na grisi ya miaka. Sugueni mpaka isomeke, kisha mtu mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa kidole kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Asisome mwenye pikipiki, maana macho ya mwenyewe husoma anachokijua.

Na kabla hamjatoka hapo uwanjani, kubalianeni mtafanya nini mmoja akikwama. Sisi hatukukubaliana kitu, ndiyo maana robo saa ile tuliamua vibaya. Mnaweza kusema wawili watarudi naye. Mnaweza kusema wote mtabadilisha safari, mshuke Sio Port au Port Victoria mlale kando ya ziwa hukuhuku Kenya. Lolote mtakaloamua, liandikwe na kila mtu atie sahihi, na pesa ya mpango huo iwe imetengwa. Mtu akishasikia harufu ya Jinja ni vigumu kumgeuza.

Pikipiki ya jirani: msipeleke ile karatasi ya mzee wa mtaa. Muda mnao. Jirani aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kijana aukubali kwenye yake, alipe, jina libadilike. Likichelewa, basi waende kwa wakili waandikiwe barua ya idhini iliyoapiwa, yenye nambari zote za pikipiki na nakala ya kitambulisho cha mwenyewe. Ya mkopo nawaachia walioipitia.

Na huyo mtu wa elfu moja, mwulizeni swali moja tu. Siku mkipata ajali Bugiri na pikipiki ambayo haikuandikwa popote kwamba iliingia Uganda, bima gani italipa?

Mama Mandazi wa Mpakani

Fundi amesema mazito. Pole sana kwa rafiki yako.

Mimi nauza chai na mandazi hapa Busia, na vikundi vya pikipiki navipikia karibu kila mwisho wa wiki. Dada, nikuambie ninachokiona na macho yangu kila siku.

Watu wengi hukosea kituo. Tangu hiki kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi 2018, ukielekea Uganda husimami kwenye jengo la Kenya. Unapita moja kwa moja mpaka jengo lililo upande wa Uganda. Mle ndani utamkuta ofisa wa Kenya anakutoa na wa Uganda anakuingiza, madirisha yamepakana. Kurudi ni vivyo hivyo, mnasimama upande wa Kenya. Asiyejua hilo husimama mahali pasipo pake, na akianza kuzungusha kichwa tu, wale vijana wamemfikia. "Wapi logibuku, lete nikufanyie haraka." Akishampa, karatasi imeshikwa, na kuirudisha ni pesa. Wao hawavai sare na hawakai nyuma ya dirisha lolote. Waambie watu wako karatasi haitoki mkononi mwa mtu isipokuwa inaingia dirishani.

Saa ya kufika: wikendi ya sikukuu mpaka hufurika, watu wanaenda kwao kote kote. Mkiondoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri mtakuwa hapa kabla mabasi ya asubuhi hayajajaa. Msitoke usiku ili mfike mapema zaidi, barabara ya Bumala ina malori yasiyo na taa za nyuma.

Pesa ya Uganda badilisheni kidogo tu hapa, ya mafuta na ya chakula. Anayekubadilishia hesabu mbele yake, ukiwa hujampa yako. Noti iliyochanika mrudishie palepale. Na mkichelewa ndani, mmoja abaki nje na pikipiki. Helmeti na glavu huondoka haraka kuliko pikipiki yenyewe.

Jingine si la safari, ila mimi hulisema kwa kila mwendesha pikipiki anayekunywa chai yangu: jina la boda boda lilianzia mpaka huu. Wazee wetu walibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo kimoja hadi kingine miaka ya 1960 na 1970, wakiita abiria, "Boda! Boda!" Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Mkipita hapa na pikipiki 11 mjue mko nyumbani.

Upepo wa Menengai

Salamu kutoka Nakuru.

Sisi huenda Malaba kwa sababu ndiyo njia yetu, tunapitia Eldoret, Webuye na Bungoma. Kwenu ninyi Busia ndiyo sawa, msizunguke. Malaba ni ya malori, na foleni yake ukiikuta mbaya inaanza kabla hujauona mji. Pikipiki hupenya pembeni, lakini pembeni ya lori ndipo dereva asipokuona.

Hii ya mkopo naijua kwa uchungu. Pikipiki nyingi za mkopo zimefungwa kifaa cha kuzifuatilia, na kifaa hicho kinaweza kuizima. Mwenzetu alikuwa na barua ya idhini, ofisi ya tawi ilimwandikia vizuri, akavuka Malaba bila tatizo. Tukiwa Tororo pikipiki ikazimika. Tulidhani ni plagi, tukabadilisha. Tukadhani ni mafuta machafu, tukamwaga. Saa mbili tumechuchumaa juani. Kumbe makao makuu ya mkopeshaji waliona pikipiki imetoka nje ya nchi, hawakuwa na habari za barua, wakaizima. Kuwapata kwa simu siku ya Jumamosi ilikuwa shughuli.

Kwa hiyo kijana wenu aombe vitu viwili. Barua itaje nambari ya usajili, chesisi, injini, jina na kitambulisho chake, nchi anayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Kisha aulize kwa maandishi nani anayesimamia kile kifaa na kama ameambiwa. Apewe nambari ya simu inayopokelewa wikendi. Barua ya mwenzetu ilichukua siku sita kupatikana, msingojee.

Kuhusu kuingia sote au wawili wawili: gawanyikeni watatu watatu, kila kundi na mtu mmoja anayejua utaratibu. Wale watatu wasiondoke dirishani mpaka wote watatu wamemaliza. Mkutane upande wa pili mahali mlipopataja kabla, na asiwashe mtu injini mpaka mhesabiane.

Nyar Ahero

Asanteni kutoka moyoni. Fundi, nilisoma habari ya rafiki yako mkutanoni kwa sauti. Hakuna aliyezungumza kwa muda.

Jumapili tulifanya kama ulivyosema, uwanja wa shule karibu na Mamboleo, mswaki na mafuta ya taa. Tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza saa nane. Nambari za injini zote zinalingana, Mungu ashukuriwe. Chesisi moja ilikuwa na tarakimu isiyosomeka mpaka tukaisugua kwa nusu saa. Bima mbili zingekufa tukiwa Jinja. Kitambulisho kimoja kimepotea na mwenyewe alikuwa hajatuambia, lakini ana pasipoti.

Ila la leseni ndilo lililotugusa. Wawili wana leseni ya gari peke yake. Mmoja wao ni yule aliyekuwa na mtu wake Busia. Alikaa kimya, akaitazama leseni yake mbele na nyuma, kisha akaniuliza kama anaweza kupanda nyuma yangu. Nikamwambia nafasi ipo. Kwa hiyo sasa tuko pikipiki 9, watu 13 walewale, na habari ya elfu moja haikutajwa tena.

Jirani alikuja mwenyewe kwa miguu yake, wakaanzisha uhamisho palepale kwa simu. Barua ya mkopo imeombwa Jumatatu.

Tumeandika pia makubaliano: akikwama mmoja kwa saa tatu na haijapatikana njia, wote tunageuza, tunashuka Port Victoria. Ilipigiwa kura. Wawili walipinga, lakini baadaye wakatia sahihi.

Fundi, nina swali moja bado. Tukishapewa kibali cha forodha cha kuingiza pikipiki Uganda kwa muda, kuna kitu kingine? Na barabara ya baada ya mpaka ikoje?

Fundi wa Nyamasaria

Mwanangu, nimesoma nikafurahi sana, hasa hiyo ya Port Victoria.

Kibali cha muda kina tarehe ya mwisho. Kikunje ukiweke ndani kabisa pamoja na kitambulisho, na siku ya kurudi kirudishwe dirishani ili waandike kwamba pikipiki imetoka. Watu hufurahia kurudi nyumbani, wanakimbilia Kenya, karatasi inabaki mfukoni. Kwenye kompyuta ya forodha pikipiki hiyo bado iko Uganda. Safari ijayo unaambiwa ulipe faini ya siku zote hizo.

Kutoka Busia hadi Jinja ni kama kilomita 120, mnapita Bugiri na Iganga. Wanaendesha kushoto kama sisi. Malori yote ya Kampala yako humo, na hayapunguzi mwendo kwa ajili ya pikipiki. Msiende kwa mstari mmoja mrefu. Gawanyikeni kama mtakavyogawanyika mpakani, mwacheni mwenye gari nafasi ya kuingia katikati. Anayefunga mkia awe mtu mtulivu mwenye pampu, viraka, kebo ya klachi na kiungo cha cheni, tena awe na taa nzuri. Mahali kama Naluwerere, pale malori yanapopumzika, piteni polepole, watu huvuka ghafla.

Jinja mjini mtafika kabla hamjauvuka mto, kwa hiyo lile daraja jipya la nyaya si lazima mpite. Mkiliendea kulitazama, msisimame juu yake. Na karibu na bwawa la Nalubaale acheni kamera mfukoni, askari hawataki. Maporomoko ya Ripon msiyatafute, yalizama bwawa lilipokamilika 1954. Mtaona maji yanavyogeuka tu, kutoka utulivu wa ziwa hadi mwendo wa mto. Mimi hunitosha.

Nyar Ahero

Tumerudi jana jioni, wote 13.

Niwaambie ukweli wa pale mpakani. Makundi mawili yalipita ndani ya saa moja. Kundi la tatu lilikwama. Barua ya mkopo ilikuwa na tarakimu mbili za chesisi zilizopinduliwa, 69 badala ya 96. Tuliisoma barua ile watu wanne na hakuna aliyeliona. Ofisa aliliona mara moja.

Wale sita wenye pikipiki zao tayari upande wa pili walizima injini wakaja kukaa nasi. Hakuna aliyetaja hoteli. Kijana alipiga ile nambari ya wikendi, Menengai, uliyotuambia tuiombe, na mtu akapokea. Saa mbili na dakika arubaini zilipita kabla barua iliyosahihishwa haijaingia kwenye simu na ofisa akakubali tuichapishe. Zilibaki dakika 20 tugeuze kwenda Port Victoria, na wengine walikuwa wameshaanza kuvaa helmeti. Nilimwona yule kijana anavyowatazama. Nadhani alikuwa hajaamini kwamba tungegeuza wote kwa ajili yake.

Jinja tuliingia jua likizama. Maji tuliyaona asubuhi.

Tukirudi, vibali vyote tuliviingiza dirishani, nikavihesabu mwenyewe, tisa. Mama Mandazi, chai yako tulikunywa, na mzee mmoja pale kwako alituonyesha baiskeli ya zamani. Fundi, kabla ya Yala tulipunguza mwendo. Hatujui ni mahali gani hasa, lakini tulipunguza.

Sasa wanasema mwaka ujao Mwanza kupitia Isebania. Kuna anayeijua?

Kijana wa Tarime

Dada, hongereni sana. Mimi niko huku Tarime, nikujibu kwa kifupi, mengine tutaongea wakati ukifika.

Kitambulisho cha Kenya pekee hakitoshi kuingia Tanzania, anzeni kutafuta pasipoti mapema. Chanjo ya homa ya manjano mnayo tayari, itunzeni. Kadi ya COMESA inatambulika huku pia, ila hakikisheni nchi yetu imetajwa ndani yake. Na kuna kadi ya tatu: trafiki wa huku akikuomba "kadi ya pikipiki" anataka ile mnayoiita logibuku.

Penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wana tochi za kupimia. Wanakaa mahali usipotegemea, hasa kushuka kuelekea Daraja la Kirumi. Kaeni 50 mpaka muone kibao cha kuwaruhusu.

Kutoka Sirari, upande wetu wa mpaka wa Isebania, hadi kwangu si mbali. Nina uwanja wenye uzio, pikipiki 9 zinaingia, hata 11. Mama atapika ugali wa mtama na samaki. Niambie tu mwezi gani.